Kifaa Kikigoma: Kusaka Hitilafu ya Umeme kwa Volti na Ampea katika Nyumba za Lamu

Birika la umeme likichelewa kuchemka, watu hununua jingine. Jipya nalo linasuasua vilevile, kwa sababu ubovu ulikuwa kwenye soketi tangu mwanzo. Lamu hasara hii ni ya kawaida: hewa ya chumvi hula shaba, na kuta za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu kutoka chini. Vipimo viwili tu, volti na ampea, hukuonyesha kama ubovu uko ndani ya kifaa, kwenye waya wa nyumba, au nje kabisa mtaani.

Hesabu zenyewe ni hizi, V ikiwa volti, I ikiwa ampea (kiasi cha mkondo unaopita):

R = V ÷ I (ukinzani, yaani jinsi kifaa au waya unavyoupinga mkondo, kwa omu)
P = V × I (nguvu, kwa wati)
P = I × I × R (joto linalozaliwa penye ukinzani)

Hiyo ya tatu ndiyo inayounguza nyumba, nasi tutairudia.

Kabla ya kupima, soma kibandiko cha kifaa. Birika lililoandikwa 220–240 V, 1,850–2,200 W halina nguvu mbili. Lina koili moja. Volti 240 mara 240, gawa kwa 2,200, unapata omu 26.2. Volti 220 mara 220, gawa kwa 1,850, unapata omu 26.2 zilezile. Kwa hiyo kinachokaa palepale ni ukinzani. Wati hupanda na kushuka kufuata volti. Andika namba hiyo ya omu kwa kalamu ya wino mzito chini ya birika. Pasi ya wati 1,200 kwa volti 240 inavuta ampea 5, ukinzani wake omu 48.

Kupima bila kujiunguza

Volti hupimwa kwa kugusisha ncha mbili za multimita (mita moja ipimayo volti, ampea na omu) sambamba na kifaa, kitufe kikiwa kwenye volti za mkondo geu (alama ya wimbi). Ampea za umeme wa nyumbani usizipime kwa kukata waya na kupachika multimita katikati. Tumia mita ya klampu, ile yenye taya, na taya zizunguke waya mmoja tu, wa moto au wa nyutro. Ukiibana kebo nzima yenye nyaya zote, mkondo wa kwenda na wa kurudi hufutana, mita ikasoma sifuri. Wengi huishia hapo na kusema mita ni mbovu. Fundi hujitengenezea ekstensheni fupi ambayo ganda la nje limechunwa kipande, nyaya za ndani zikabaki na mpira wake mzima, akabana mmoja.

Omu hupimwa kifaa kikiwa kimechomolewa. Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe. Kama zinasoma 0.3, toa 0.3 kwenye kila jibu.

ONYO: Ukimaliza kupima ampea kwa multimita ya kawaida, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo. Ukiuacha kwenye tundu la 10A kisha ukatia ncha ndani ya soketi, umeunganisha moto na nyutro kwa mkono wako, na mita inaweza kulipuka usoni.

DALILI: Hesabu inatoa jibu la ajabu

Sababu ya kwanza ni kizio. Mita inasoma 350 na pembeni kuna herufi m ndogo: hizo ni miliampea, yaani ampea 0.35. Ukigawa 240 kwa 350 unapata omu 0.69 na unadhani kuna shoti. Jibu la kweli ni omu 686. Vivyo hivyo, k mbele ya alama ya omu ni elfu, na M kubwa ni milioni.

Sababu ya pili ni kupima volti wakati mmoja na ampea wakati mwingine. Volti za mchana si za magharibi. Pima zote mbili kifaa kikifanya kazi, kwa dakika ileile.

Ya tatu huwatatiza hata wanafunzi wazuri. Taa ya gari ya volti 12, wati 60, kwa hesabu ina omu 2.4. Ukiipima ikiwa baridi mita inasoma sehemu ndogo sana ya hizo. Taa si mbovu. Uzi wake ukiwaka ukinzani hupanda mara nyingi. Koili ya birika au pasi haibadiliki hivyo, kwa hiyo kipimo chake cha baridi kinaaminika.

DALILI: Birika, pasi au hita inapata moto polepole

Volti zilizoshuka ndizo za kwanza kushukiwa. Lita moja na nusu ya maji ya nyuzi 28 inahitaji joto la jouli 452,000 hivi ili ichemke. Kwa wati 2,200 hiyo ni sekunde 205, na kwa kuwa birika nalo hupoteza joto, hesabu dakika nne. Volti zikiwa 200, koili ya omu 26.2 inavuta ampea 7.6 na kutoa wati 1,527 tu. Muda unakaribia dakika tano kabla hata ya kuhesabu joto linalopotea. Karibu theluthi ya nguvu imekwenda, ilhali volti zimepungua sehemu moja kwa sita. Jioni za Ramadhani, mtaa mzima unapopika futari kwa wakati mmoja, usishangae.

Anza hivi. Pima volti kwenye soketi bila kifaa, kisha washa birika na upime tena kwenye soketi pacha iliyo kando yake. Tuseme ya kwanza ni 236, ya pili 218, na klampu inasoma ampea 8.3.

Kifaa: 218 ÷ 8.3 = omu 26.3. Birika ni zima, usilifungue.

Njia: volti zilizopotea ni 18. Gawa kwa 8.3, unapata omu 2.2 kati ya birika na chanzo. Joto lake ni 18 × 8.3, karibu wati 150, linazaliwa mahali fulani ndani ya ukuta au kwenye viungo.

Sasa hamia kwenye soketi iliyo karibu zaidi na bodi ya breka huku birika likiendelea kuwaka kulekule. Kama hapo unasoma 234, ubovu uko ndani ya nyumba, kati ya bodi na soketi ya birika. Kama unasoma 220, umeme unaingia nyumbani ukiwa tayari umechoka: kiungo cha waya wa nguzo, au laini yenyewe. Hiyo ni kazi ya Kenya Power, na fundi wa mtaa asipande nguzo hata akikuapia.

Volti zikiwa nzuri lakini ampea ni pungufu, ubovu ni wa kifaa. Volti 238 na ampea 4.6 ni omu 51.7, karibu mara mbili ya 26.2, kifaa chenye koili mbili kimepoteza moja. Ampea sifuri ni koili iliyokatika, au kidhibiti joto kilichofunguka, au fyuzi ya plagi. Fyuzi ni ya shilingi chache, anza nayo.

Volti na ampea zote zikiwa sawa na bado maji yanachelewa, tazama ndani ya birika. Maji ya visima vya Lamu yana chokaa, na ukoko mweupe juu ya koili huzuia joto kufika majini. Mita haiwezi kuuona ukoko huo kwa sababu ukinzani wa koili haujaguswa. Chemsha siki au maji ya ndimu, acha usiku, suuza.

DALILI: Plagi, soketi au ekstensheni inapata moto, au kuna harufu ya plastiki

Hapa ndipo I × I × R inapofanya kazi yake. Kiungo kilicholegea chenye nusu omu tu, kikipitiwa na ampea 9, hutoa wati 40. Hizo ni wati za chuma cha kuchomelea risasi, nazo zimefungiwa ndani ya plagi yako. Na kwa sababu mkondo unazidishwa kwa wenyewe, kupunguza mzigo nusu hupunguza joto hadi robo. Ndiyo maana kiungo hichohicho hakisumbui chaja ya simu maisha yake yote, kisha kinayeyuka siku ya kwanza ya pasi.

Sababu kwa mpangilio wa kawaida:

Skrubu ya ndani ya plagi imelegea. Chomoa, fungua, kaza zote tatu. Ncha ya waya ikiwa nyeusi au ya kijani, ikate hadi ufikie shaba inayong'aa. Kuikwangua kwa kisu hakutoshi, maana kutu ya chumvi imeingia kati ya nyuzi.

Taya za soketi zimechoka. Plagi ikiingia bila kukaza, soketi hiyo imekwisha, ibadilishe. Kuikunja taya kwa koleo ni kuahirisha moto.

Ekstensheni ni nyembamba au ndefu mno. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.75 una omu 0.026 kwa kila mita. Ekstensheni ya mita 20 ina mita 40 za waya, kwenda na kurudi, yaani omu 1.04. Kwa birika letu zinapotea volti 9 na wati 80 njiani. Waya wa 1.5 una omu 0.53 kwa urefu huohuo, na wa 2.5 una 0.32. Ekstensheni ya kuviringishwa lazima ifunuliwe yote ikibeba mzigo mkubwa. Zile wati 80 zikikaa ndani ya mviringo wake hazina pa kutokea. Jihadhari pia na waya wa bei nafuu usemao 1.5 huku ndani una alumini iliyopakwa shaba: kwangua ncha, ukiona weupe chini ya wekundu, umeuziwa sura.

ACHA hapo na uite fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya Kenya inayodhibiti nishati na petroli) kama soketi imebadilika rangi, kama ukuta kuizunguka una joto, au kama breka yenyewe ina joto kuliko wenzake. Zima swichi kuu kwanza, halafu ndipo upige simu.

DALILI: Fyuzi inakatika au breka inashuka

Jumlisha wati kabla ya kulaumu chochote. Plagi ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Mara volti 240 ni wati 3,120. Birika la 2,200 na pasi ya 1,200 kwenye ekstensheni moja ni 3,400, yaani ampea 14.2. Fyuzi ya 13 inaweza kuvumilia hali hiyo muda mrefu bila kukatika, na huo si wema: ekstensheni ndiyo inayolipia. Shawa ya moto ya wati 5,400 inavuta ampea 22.5. Haina biashara na soketi yoyote, hata kama nyumba ni ya wageni na mgeni yuko mlangoni. Inataka laini yake peke yake kutoka kwenye bodi.

Fyuzi huchaguliwa kwa ampea za kifaa: 3A hadi wati 700, 5A hadi 1,200 hivi, 13A kwa zaidi ya hapo. Karatasi ya sigara au kipande cha msumari si fyuzi.

Fyuzi ikikatika mara tu unapowasha, chomoa kifaa na upime omu kati ya pini ya moto na ya nyutro, swichi ya kifaa ikiwa imewashwa. Ukisoma chini ya omu 1 kwenye kifaa cha joto, hiyo ni shoti: 240 gawa kwa 1 ni ampea 240.

Breka ya kuzuia mvujo, ile yenye kitufe cha majaribio, ina sheria nyingine. Haijali wati. Inashuka mkondo unaopotelea ardhini unapofika kama miliampea 30, na 240 ÷ 0.03 ni omu 8,000. Kwa hiyo njia yoyote ya unyevu yenye omu 8,000 au pungufu inatosha kuiangusha: boksi la swichi lililojaa chumvi, hita iliyopasuka ganda, waya ndani ya ukuta uliolowa mvua za masika. Chomoa vifaa vyote, ipandishe, kisha rudisha kimoja kimoja. Ikikataa kupanda na kila kitu kimechomolewa, ubovu uko ukutani, na multimita haitausema vizuri kwa kuwa hupima kwa volti chache tu. Fundi atakuja na mega, mita inayosukuma volti 500, na atatarajia kuona angalau omu milioni moja.

ONYO: Usiiruke breka hiyo kwa kuunganisha moja kwa moja. Mwili uliolowa unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,500 hivi. 240 ÷ 1,500 ni miliampea 160, kiasi cha kuua. Mfereji wa maji ukikutekenya, zima swichi kuu na usijaribu tena kuthibitisha kwa kidole.

DALILI: Pampu ya kisima, friza ya samaki au mashine ya nazi inanguruma bila kuzunguka

Kwa mota, R = V ÷ I haikupi ukinzani wa koili. Pampu ya nguvu farasi moja ikivuta ampea 5 kwa volti 240, hesabu inasema omu 48, lakini mita kwenye koili inasoma omu chache tu. Vyote ni kweli: koili ndani ya chuma huupinga mkondo geu zaidi ya ukinzani wa waya wake. Wala V × I si wati kamili. Zidisha tena kwa kigawo cha nguvu, ambacho kwa mota nyingi ndogo zenye mzigo ni kama 0.8. Hivyo 240 × 5 × 0.8 ni wati 960. Muuzaji wa jenereta asiyejua hili atakuuzia ya wati 1,000, nayo itazimika, kwa sababu mota ikianza huvuta mara tano hadi saba ya ampea zake kwa muda mfupi.

Kagua kwanza volti wakati inajaribu kuanza. Zikianguka chini ya 200, rudi kwenye dalili ya birika. Pili, zima, chomoa, zungusha shafti kwa mkono. Mchanga wa visima vya Shela hukwamisha pampu nyingi, na nyuzi za nazi hufanya hivyohivyo kwenye mashine ya kukunia. Tatu ni kapasita, kile kikopo kinachotunza chaji na kuisaidia mota kuanza: ikiwa imevimba au imevuja, imekufa. Koili iliyoungua ndiyo ya mwisho, na pua hukuambia kabla ya mita.

Mota inayonguruma usiiache iwake hata dakika moja ukitumaini itaamka. Na kapasita hukaa na chaji baada ya kuchomolewa; kama hujui kuitoa chaji, funga kifuniko. Mabomba ya gesi ya friza ni ya fundi wa friji.

DALILI: Taa za sola au za mashua ni hafifu, inveta inalia

Volti 12 hazisamehi. Televisheni na taa za jumla ya wati 300 kwenye umeme wa 240 zinavuta ampea 1.25. Wati hizohizo kutoka betri ya volti 12 ni ampea 25, bila kuhesabu anachokula inveta mwenyewe, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa 240. Kiungo chenye omu 0.1 tu, ambacho nyumbani usingekijua, hapa kinapoteza volti 2.5 na wati 62.5. Betri ina 12.6, inveta inaona 10.1, inazima na kulia, mwenyewe anakwenda Mokowe kununua betri nyingine.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni hiki. Washa mzigo. Weka ncha moja ya mita juu ya risasi ya nguzo ya betri yenyewe, nyingine juu ya kishikio cha waya kilichoikaza. Panapaswa kuwa karibu sifuri. Ukisoma 0.8 wakati ampea 20 zinapita, kiungo hicho kina omu 0.04 na kinakula wati 16. Fungua, ondoa unga mweupe au wa kijani kwa maji ya moto yenye magadi, sugua kwa brashi ya waya, kaza, pakaa grisi. Rudia kwenye nguzo ya pili, kwenye kishika fyuzi, na kwenye swichi. Kishika fyuzi cha mashua huwa ndicho mhalifu, maana hupigwa na maji ya bahari kila safari.

Viungo vikiwa safi, pima urefu wa waya. Taa ya wati 24 kwa volti 12 ni ampea 2, na waya wa 1.5 wa mita 15 kwenda na 15 kurudi una omu 0.40: volti 0.8 zinapotea. Usizidi hapo.

Mwisho ndiyo betri. Ya asidi iliyojaa na iliyopumzika saa kadhaa husoma 12.6 au 12.7; 12.0 ikiwa imepumzika ni karibu tupu. Inayosoma 12.6 bila mzigo na kuanguka hadi 11 kwa ampea 5 ina ukinzani wa ndani wa omu 0.32, na hakuna maji ya betri yatakayoifufua. Betri za lithiamu zina volti zake tofauti, usizipime kwa kipimo hiki.

ONYO: Vua pete na saa kabla ya kugusa nguzo. Volti 12 hazikurushi, lakini spana ikigusa nguzo mbili mamia ya ampea hupita na chuma huwa chekundu mkononi. Usiwashe kiberiti karibu na betri inayochajiwa. Betri iliyovimba iondolewe na mtu wa kazi hiyo.

DALILI: Tokeni zinaisha haraka

Huhitaji kugusa waya. Meta ina kitaa kinachomemeta, na kando yake pameandikwa idadi ya mimemeto kwa yuniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Kwa meta hiyo, gawa 3,600 kwa sekunde kati ya mmemeto na mmemeto: sekunde 12 ni wati 300. Kama yako ni 1600, gawa 2,250.

Zima na uchomoe kila kitu. Kitaa kikiendelea kila sekunde 40, wati 90 zinakwenda mahali, sawa na yuniti 2.16 kwa siku, karibu 65 kwa mwezi. Huwa ni pampu ya kisimani iliyosahauliwa, au laini ya chumba cha uani kilichopangishwa. Kama si hivyo, ni mvujo wa ampea 0.375 ndani ya ukuta, na nyumba yenye mvujo huo bila breka ya kuuzuia ni ya hatari usiku huuhuu.

Zima swichi kuu. Kitaa kikimemeta bado, ni suala la meta au la waya ulio kabla ya swichi kuu: wapigie Kenya Power, usivunje sili. Kikinyamaza, zima breka zote ndogo, washa kuu, kisha pandisha breka moja moja ukihesabu sekunde. Ile itakayokiamsha kitaa iache chini hadi fundi afike.